MIZANI YA NGOKOLO NA SIMU ZETU WAKULIMA WA KARAFUU

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza, wengine kwa barua na wengine kwa kutusimamisha njiani tukitoka msikitini, kwa nini Chama kiliwapeleka watu watatu bara mpaka Shinyanga, mahali ambapo hapana hata mkarafuu mmoja. Swali hilo ni la haki, maana nauli ile ilitoka katika fedha zenu. Jawabu lake ndiyo makala hii, nasi twawaomba muisome mpaka mwisho kabla ya siku ya Mkutano Mkuu, kwani siku hiyo mtatakiwa kunyosha mikono juu ya jambo ambalo likikosewa si jepesi kulirudisha nyuma.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni moja ya simu, ambayo jina lake tunaliacha kwa kuwa mazungumzo hayajamalizika, imekiletea Chama mapatano ya maandishi. Yasema kuwa kwa misimu miwili Chama kitatozwa ada ndogo kila kitakapotuma fedha kwa wanachama na kwa wachumaji. Badala ya hisani hiyo, wanachama wote watajiandikisha katika mtandao wa kampuni hiyo, Chama hakitalipa mtu kwa mtandao mwingine, na wakala atakayeweka meza katika ghala letu hatakuwa na ruhusa ya kushika kazi ya kampuni nyingine. Mapatano ni ya miaka mitano.

Kamati iligawanyika nusu kwa nusu. Na sisi wenyewe tunaoandika haya, hatuoni haya kusema, tulikuwa upande wa kutia saini. Tulikuwa na sababu. Wanachama watakumbuka ile jioni ya malipo katika msimu uliopita. Tulituma fedha za wachumaji baada ya Alasiri, na mtandao tuliotumia ukazimika. Watu wa makambi mawili walikaa chini ya miti mpaka baada ya Isha wakizitazama simu zao. Wenye laini za kampuni nyingine hawakujua kama fedha zimetoka au hazikutoka, na wakala aliyekuwa karibu hakuwa na fedha taslimu za kutosha watu wote. Asubuhi yake wachumaji kumi na mmoja walikwenda kuchuma mashamba ya watu wengine. Kila mkulima ajua maana yake: karafuu haingoji. Kikonyo kilichoiva leo, ukikiacha siku chache kimechanua mtini, na kilichochanua hakina thamani tena. Basi tukasema moyoni: lau watu wote wangalikuwa katika mtandao mmoja, balaa hili lisingalitufika.

Mwanachama mmoja mzee akatuambia katika Kamati, "Kabla hamjatia saini, nendeni mkamwone mwanangu Ngokolo. Yeye ni wakala wa fedha za simu, na yu katikati ya watu wa pamba. Wale walijaribu haya yote kabla yetu." Ndivyo safari ilivyoanza.

SAFARI NA KIBANDA

Tulivuka kwa chombo mpaka Unguja, kisha Dar es Salaam, na toka hapo tukapanda basi kupita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, mpaka Tinde ambako njia yachepuka kwenda Shinyanga. Ngokolo ni kata katika Manispaa ya Shinyanga, si shamba. Ni mahali pa nyumba nyingi, maduka, bodaboda na vumbi. Wasukuma wakatupokea kwa salamu yao ya asubuhi, "Mwangaluka," nasi tukajifunza kuiitikia kabla jua halijazama, jambo lililowachekesha sana.

Kibanda cha mwenyeji wetu ni kidogo kama banda la kuku, lakini juu ya meza yake kuna simu nne, kila moja ya kampuni yake, na ukutani rangi nne. Tulikaa naye kutwa nzima tukitazama. Alikuja mama mmoja mwenye dengu, akaja kijana aliyetoka machimbo ya dhahabu upande wa Geita kumtumia mkewe, akaja mzee wa pamba kutoa fedha aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Mwanza. Hakuna aliyeulizwa, "Wewe u wa mtandao gani?" isipokuwa kwa ajili ya kujua ni simu ipi ya kuinua mezani.

Tukamwambia juu ya mapatano yetu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba zangu, mtandao mmoja ungenifaa mimi kuliko mtu yeyote. Mtaji wangu nimeugawa mafungu manne. Mteja akija kutoa kwa mtandao ambao fungu lake limekwisha, namrudisha, na huku mafungu matatu yamelala bure. Lakini mimi nilianza kazi hii 2012, nayajua ya wakati ule. Siitaki siku ile irudi."

Ili tufahamu ni siku ipi anayoisema, yatupasa kwanza tufahamu bidhaa hii ni ya namna gani, maana haifanani na karafuu.

BIDHAA INAYOKUA KWA KUTUMIWA

Gunia la karafuu lina thamani yake hata kama duniani hakuna gunia la pili. Simu sivyo. Mtu akiwa na simu peke yake duniani, ana kipande cha chuma tu. Wakiwa wawili, pana njia moja ya mazungumzo. Wakiwa kumi, pana njia 45. Wakiwa ishirini, si 90 bali 190. Wakiwa mia moja, njia ni 4,950. Kila mtu anayeingia huwaongezea thamani wote waliokwisha kuwamo, bila ya wao kutoa hata senti.

Hapo ndipo penye neema na ndipo penye hatari. Neema ni kwamba jambo likishashika, lakua lenyewe. Ndivyo ilivyokuwa M-Pesa: ilianza Kenya Machi 2007, ikaja Tanzania 2008, na katika miaka michache tu watu wasiopata kufungua mlango wa benki wakawa wanatumiana fedha toka Kigoma mpaka Wete. Hatari ni kwamba mkubwa huvuta watu si kwa sababu kazi yake ni bora, bali kwa sababu watu wako kwake. Kampuni mpya, hata ikija na ada ndogo na kazi safi, nani ataingia humo awe peke yake? Kila mtu amngoja mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mteja mmoja hahamishi soko.

Kwa hiyo yule wakala alipoanza, mambo yalikuwa hivi. Mwenye laini ya kampuni hii akitaka kumtumia mwenye laini ya kampuni ile, fedha haikuingia katika simu ya mwenzake. Uliingia ujumbe wenye namba ya siri tu, naye mpokeaji alipaswa amtafute wakala wa kampuni ya mtumaji, atoe taslimu, kisha kama ataka kuiweka katika simu yake aanze upya na kulipa upya. Kwa sababu hiyo watu walinunua laini mbili au tatu, na simu ya mtu mmoja ikawa kama mkungu wa funguo. Mwenye laini moja alikuwa kama mtu aliyefungiwa uani: anawasikia jirani ng'ambo ya ukuta lakini hana mlango.

Huko Marekani mambo haya yaliwafika zamani zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji mingi ilikuwa na kampuni mbili za simu zisizounganishwa, na mwenye duka alilazimika kuweka simu mbili ukutani ili asipoteze wateja wa upande wowote. Kampuni kubwa, AT&T, ilikuwa ikizinunua ndogo na kuzinyima njia zake za mbali. Serikali ilipoibana kwa sheria ya kuzuia hodhi, mwaka 1913 ikakubali kwa barua kuzifungulia kampuni nyingine njia hizo. Neno ni lile lile: si lazima kumvunja mkubwa, mara nyingine yatosha kumfungulisha mlango.

MILANGO ILIVYOFUNGULIWA

Tanzania mlango ulifunguliwa kwa namna ya kupendeza. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walipatana kwamba fedha ya mmoja iingie moja kwa moja katika simu ya mwingine. Hawakulazimishwa, walikaa mezani wakaandika kanuni zao, na Benki Kuu ya Tanzania ikiwaangalia. Wengi wetu visiwani twaikumbuka khasa Ezy Pesa ya Zantel, nayo baadaye iliungana na Tigo, na tangu 2024 jina la Tigo Pesa limekuwa Mixx by Yas. Vodacom, ambayo M-Pesa yake ndiyo iliyokuwa kubwa, haikuwamo mwanzoni. Iliingia mwaka 2016.

Wanachama wazitazame tarehe hizo mbili. Kwa nini wadogo waliingia kwanza na mkubwa nyuma? Kwa sababu mdogo akifungua mlango apata watu wengi wa jirani, na mkubwa akifungua aona kama anawagawia wengine watu aliowakusanya kwa jasho lake. Lakini wadogo walipokwisha kuungana, wakawa nao ni umati, na kukaa nje ya umati huo kukawa na hasara yake. Hiyo ndiyo nguvu ya kupatana: wadogo waliofungana pamoja humfanya mkubwa ahesabu upya.

Kenya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko Safaricom ilikuwa imewafunga mawakala wake kwa mapatano kwamba wasishike kazi ya kampuni nyingine. Airtel ikapeleka mashtaka yake mbele ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na mwaka 2014 Safaricom ikaliondoa sharti hilo. Hatta hivyo kutumiana moja kwa moja baina ya simu za Safaricom na za Airtel kulingoja mpaka 2018. Tumelitaja shauri hili kwa sababu sharti lililoondolewa Kenya mwaka 2014 ndilo hilo hilo lililoandikwa katika karatasi tuliyoletewa sisi: wakala wa ghala letu asishike kazi ya mwingine. Tulipomsomea yule kijana wa Ngokolo kifungu hicho, aliziangalia simu zake nne, akacheka, akasema, "Basi tatu hizi niwape watoto wachezee."

MIZANI YA PAMBA

Jioni mwenyeji wetu alitupeleka kwa mzee mmoja aliyelima pamba umri wake wote. Tulimsimulia khabari za simu, naye akatusimulia khabari za mizani, na kwa kitambo tulidhani hakutusikia. Kumbe alitusikia vizuri sana.

Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950, pamba yote ya Usukuma ilinunuliwa na wafanya biashara na wenye viwanda vya kuchambulia, wengi wao Wahindi. Bei ilipangwa na Serikali ya wakoloni, basi mnunuzi asiyeweza kucheza na bei alicheza na mizani. Mkulima alikuja na mzigo kichwani toka mbali, akapimiwa pungufu, na hakuwa na la kufanya, maana kurudi nao nyumbani ni kazi zaidi kuliko hasara. Mzee alituambia kuwa baba yake alikuwa akijua kabisa anaibiwa. "Alijua, na jirani yake alijua, na wa nyuma yake katika foleni alijua. Lakini kila mmoja alikuwa na mzigo wake peke yake."

Dawa ilianza kwa kitu kidogo: wakulima waliweka watu wao wenyewe penye vituo vya kununulia, wasimame kando ya mizani na kuhakikisha uzito. Toka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na Paul Bomani pamoja na wenzake wakavikusanya, mpaka mwaka 1955 kikaundwa chama kikuu cha Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake Mwanza. Kufikia mwisho wa miaka hiyo ya 1950 karibu pamba yote ya jimbo ilipita mikononi mwa vyama vya wakulima wenyewe, na chama kile kikahesabiwa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Afrika. Bwana Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha.

Hapo tulitaka kufunga daftari letu, maana khabari ilikuwa imefikia mahali patamu. Mzee akatuzuia. "Andikeni na nusu ya pili," akasema.

Nusu ya pili ni hii. Chama kilipokuwa mnunuzi wa pekee, mkulima asiyeridhika nacho hakuwa na pa kwenda. Malalamiko yaliyokuwa yakielekezwa kwa wafanya biashara yakaanza kuelekezwa kwa makarani wa chama, mpaka mwaka 1966 Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na 1968 chama kile kikageuzwa kuwa Nyanza Co-operative Union. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikafutwa na mazao yakawekwa chini ya mamlaka za Serikali. Vikarudishwa kwa sheria ya 1982, na Shinyanga ikapata chama chake, SHIRECU. Kisha 1994 soko la pamba likafunguliwa kwa kila mnunuzi. Wakulima wakafurahi kupata wanunuzi wengi, lakini furaha ilikuwa na ila yake: mkopo wa mbegu na dawa ukawa mgumu, maana aliyekopesha hakuwa na hakika kwamba mkopaji atamuuzia yeye, na usafi wa pamba ukashuka kwa kuwa kila mnunuzi aliikimbilia kabla ya mwenzake. Tangu msimu wa 2018 pamba imerudishwa kupita vyama vya msingi, vile viitwavyo AMCOS.

"Sasa mmeniuliza kipi bora," akasema mzee, "mmoja au wengi. Mimi nimeonja vyote viwili. Mmoja akiwa wako, mzuri, mpaka siku atakaposahau kuwa ni wako. Wengi wazuri, mpaka siku watakapokanyagana juu ya shamba lako. Mkulima hasalimiki kwa mmoja wala kwa wengi. Husalimika akiwa na mtu wake kando ya mizani, na akiwa na njia ya kuondoka."

SISI NASI TUNA HISTORIA

Tulipokuwa garini kurudi tulikumbuka kwamba hatukuhitaji kwenda mbali sana kuyajua haya. Hapa kwetu mwaka 1927 kiliundwa chama cha wakulima wa karafuu kilichojulikana kwa herufi CGA, na mwaka 1937 Serikali ya wakati ule ikakipa haki ya kununua karafuu za wakulima peke yake. Wafanya biashara wa Kihindi wa Unguja wakagoma, na wenzao wa India, nchi iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa, wakaacha kununua karafuu ya Zanzibar. Mgomo ulidumu mpaka mapatano ya 1938 yaliyowarejeshea wafanya biashara nafasi yao katika biashara ya kupeleka nje. Funzo lake ni kuwa wanunuzi nao wakipatana wana nguvu, na karatasi ya Serikali inayompa mtu haki ya peke yake haimlazimishi mlaji kununua.

Tangu 1968 mnunuzi wetu ni Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Hatusemi haya kwa kulaumu; Shirika limefanya mengi. Lakini wakubwa wenu watakumbuka miaka ambayo bei ilikuwa chini, na karafuu zikaondoka usiku kwa majahazi kwenda pwani ya Kenya. Magendo yale yalikuwa ni mlango wa wasio na mlango. Serikali ilipoipandisha bei kwa kiasi kikubwa mwaka 2011, majahazi yakapungua. Watu walipoona mizani inawatendea haki, hawakuwa na haja ya usiku.

Na juu ya fedha za simu zenyewe tuna ushahidi wa karibu zaidi. Julai 2021 Serikali iliweka tozo juu ya kutuma na kutoa fedha kwa simu. Hapakuwa na mkutano wala tangazo la kugoma, bali mtu mmoja mmoja akarudia kumpa dereva wa gari bahasha ampelekee mamaye. Na kwa kuwa thamani ya kitu hiki ni watu waliomo, kila aliyetoka aliwapunguzia na waliobaki. Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Walaji walikuwa wameonyesha nguvu yao bila ya wao kujua kuwa wanaionyesha.

SHERIA YASEMAJE

Wako wanaouliza kama sheria haituhifadhi. Yatuhifadhi kwa kiasi. Bara ipo Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake, FCC. Kwetu ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Kwa jumla sheria za namna hii hazikatazi mtu kuwa mkubwa. Ukubwa uliopatikana kwa kazi njema si kosa. Kosa ni kuutumia ukubwa kuwafungia wengine njia, au washindani kupatana kwa siri juu ya bei. Lakini Tume huingia baada ya mashtaka na uchunguzi, na uchunguzi huchukua muda. Karafuu, kama tulivyosema, haingoji. Mlinzi wa kwanza wa mlango ni yule anayetakiwa kutia saini.

RAI YETU KWA MKUTANO

Basi, ndugu wanachama, tuliokwenda tukiwa wa kutia saini tumerudi na rai nyingine, nasi twaiweka mbele yenu.

Kwanza, tuliikosea sababu ya ile jioni mbaya. Tulidhani tuliumia kwa kuwa mitandao ni mingi. Kumbe tuliumia kwa kuwa tulitegemea mmoja, na ulipozimika hatukuwa na wa pili. Lau katika ghala letu pangalikuwa na meza kama ile ya Ngokolo, yenye simu nne, wachumaji wale wangalilipwa kabla ya Magharibi.

Pili, wachumaji wetu si wanachama. Watoka Unguja, watoka bara, kila mtu na laini yake anayotumia na nyumbani kwao. Hatuwezi kuwalazimisha waache njia ya kuwafikia wake zao kwa ajili ya nafuu yetu ya ada, na tukiwalazimisha watachuma kwa jirani.

Tatu, hatukatai mazungumzo na kampuni ile. Twasema tuipe jawabu la wafanya biashara. Kinachotakiwa kwetu si fedha zetu tu, bali ni sisi wenyewe, maana kila mwanachama anayeingia huwavuta jamaa zake na wachumaji wake. Bidhaa hiyo ni yetu, na tukiiuza mmoja mmoja haina bei, lakini tukiiuza pamoja ina bei. Tuombe ada ndogo kwa sababu tu wengi, bila ya kujifunga. Tukubali msimu mmoja mmoja, si miaka mitano. Kifungu cha wakala kifutwe kabisa. Na kama kampuni itasema bila ya kifungu hicho hapana nafuu, basi tutakuwa tumejua nafuu ile ilikuwa bei ya nini.

Nne, Chama kichague wanachama wawili, si wa Kamati, kazi yao iwe kuyatazama makato ya kila malipo na kuyasoma mbele ya mkutano kila mwisho wa msimu. Hao ndio watu wetu wa kusimama kando ya mizani. Na watuangalie sisi pia, Katibu na Kamati, maana nusu ya pili ya khabari ya pamba ilianza pale wakulima walipoacha kutazama mizani kwa kuwa sasa ilikuwa mizani yao.

Wako katika Kamati wasiokubaliana nasi, na hoja yao si dhaifu. Wasema ada ndogo ya hakika leo yashinda uhuru wa mashaka kesho, khasa kwa mkulima mwenye mikarafuu michache. Watapewa nafasi yao ya kusema Mkutanoni, nasi twaomba wasikilizwe kwa adabu kama mtakavyotusikiliza sisi.

Asubuhi ya kuondoka Ngokolo tulikwenda kumuaga mwenyeji wetu. Tulimkuta anamrudisha mteja mmoja kwa kuwa fungu la mtandao wake lilikuwa limekwisha. Yule mteja hakukasirika. Alivuka njia, akaingia kibanda cha pili, akatoka anahesabu noti zake. Kijana akatutazama akasema, "Nimekosa kamisheni yangu. Lakini mama yule amepata fedha yake."

Mkutano Mkuu ni katika ghala la Chama, baada ya sala ya Ijumaa, kabla ya kufunguliwa msimu. Twawaomba mje wote, na mwenye mapatano ya zamani ya kampuni yoyote ya simu ayalete, tuyasome pamoja.

Wenu katika utumishi,
KATIBU WA CHAMA